Leza, Titani na Bakteria: Siri ya Mifereji Isiyoonekana

Uso wa titani uliochongwa kwa leza huonekana laini kwa macho, kumbe umejaa mifereji ambayo mingine haifiki hata mikromita moja kwa upana. Umbo hilo, bila rangi wala dawa, hubadili namna metali inavyopokea maji, seli na vimelea. Kwenye vipandikizi vya meno, mifereji ya mikromita 8 hivi huzielekeza seli za fizi na mfupa zijipange na kushika vizuri zaidi.

Mistari ile iliyo myembamba zaidi ilionwa na Milton Birnbaum mwaka 1965, kwenye semikonda zilizopigwa na leza ya rubi. Kuitengeneza kwa usafi kuliwezekana baadaye, kutokana na mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985 ya kukuza mapigo mafupi mno ya leza, iliyowapa Nobeli ya fizikia mwaka 2018.

Pigo moja hudumu femtosekunde mia kadhaa. Femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Nishati hupokewa kwanza na elektroni, nazo huchukua pikosekunde kadhaa kuzipasha joto atomi. Kufikia hapo pigo limekwisha. Tabaka jembamba huruka likiwa mvuke kabla joto halijasambaa, na kingo hubaki bila kuyeyuka ovyo. Sehemu ya mwanga hutawanywa na vikwaruzo vya uso, ikasafiri juu ya metali kama wimbi na kukutana na mwanga unaoendelea kuingia. Mawimbi yanapoimarishana, metali huchimbika, yanapofifishana, hubaki. Ndiyo maana leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1030 huacha mistari iliyoachana kwa karibu mikromita moja: mwanga wenyewe ndio unaopima.

Metali iliyotoka kuchongwa hunywa maji. Ikikaa hewani siku au wiki kadhaa, hunasa molekuli zenye kaboni na kuanza kuyakataa, matone yakiteleza kama juu ya jani la mgimbi. Umbo bila kemia halitoshi.

Hapo ndipo madai ya kwamba uso uliochongwa kwa leza "huua vijidudu vyote" yanapoanguka. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus ana kipenyo cha mikromita moja hivi. Mifereji ikiwa myembamba kuliko yeye, hugusa vilele tu na hushika kwa shida. Ikiwa mipana, hujificha ndani na kukwepa kusafishwa. Leza ileile yaweza kuleta madhara. Hata shaba huua bakteria kwa ayoni zake, si kwa mifereji peke yake. Vipande vya shaba, shaba nyeupe na chuma cha pua vilivyochongwa hivyo viliguswa na wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga katika jaribio lililoanza wakati wa safari ya Matthias Maurer ya 2021–2022.

Wauza bangili na "maji ya nano" wanaodai kuua vijidudu hawataji kina, upana wala bakteria waliyempima. Wanawauzia wagonjwa neno tupu, na wanastahili kukataliwa waziwazi.

Kipandikizi kilichochongwa kwa leza hakibaki na mionzi. Mwenye nacho apige mswaki, aache sigara, aonwe na daktari wa meno. Mfanyakazi wa kiwandani avae miwani inayolingana na leza yake na kuhakikisha moshi unafyonzwa; mapigo makali huweza kutoa eksirei wakati wa kuchonga, hivyo mashine lazima iwe na kinga.