Bei ya Korosho Hupangwa Kabla ya Mnada

Mchuuzi anayefika Mahakama ya Ndizi, Mabibo, alfajiri anajua vizuri bei ya mkungu inavyopatikana. Lori limeegeshwa, mwenye mzigo anataja bei yake, mnunuzi anashusha, wanabishana, wanaelewana. Magari yakiingia mengi bei inashuka, yakikwama njiani inapanda. Hakuna siri kubwa hapo.

Lakini neno mabibo lenyewe ni la mkorosho. Bibo ni lile tunda laini linaloning'iniza korosho, ambalo kusini hukamuliwa uraka. Na biashara ya korosho haifanani hata kidogo na ya ndizi. Bei anayolipwa mkulima wa Newala au Tandahimba huanza kupangwa miezi mingi kabla ya mnada, katika ofisi ambazo wenye makampuni hubisha hodi na wakulima hawafiki.

Chukua ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Sheria ya korosho ya mwaka 2009 iliuweka kuwa asilimia 15 ya bei ya melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kiasi chochote kitakachokuwa kikubwa zaidi. Kwa maandishi, mlipaji ni msafirishaji. Kwa hesabu, mambo ni mengine. Tuseme tani moja inauzwa dola 1,500 melini. Ushuru ni dola 225. Mnunuzi anaijua hesabu hiyo kabla hajaandika zabuni, hivyo huzitoa dola hizo mapema katika bei atakayotaja ghalani. Mkulima analipa, isipokuwa hapewi risiti.

Ushuru huo ulitetewa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kuwalinda wabanguaji wa ndani, na hapo matokeo yamekuwa haba. Viwanda 12 vilivyojengwa kwa mikopo enzi za mashirika ya umma vilisimama, vikauzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuzwa maghala. Sehemu kubwa ya zao imeendelea kuondoka ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam.

Hoja ya pili ilikuwa na uzito kwa mkulima. Asilimia 65 ya makusanyo ilitengwa kwa ajili ya kuendeleza zao, ikiwemo salfa ya kuzuia ubwiriunga. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walidai zaidi ya sh. bilioni 200 za nyuma zilizokuwa hazijatolewa. Hawakushinda. Makato yakabaki palepale, salfa ikawa ya kutafutwa.

Miezi minne baadaye wanunuzi nao walionyesha nguvu zao. Msimu wa 2017/18 bei ilikuwa imevuka sh. 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 zabuni zilipofunguliwa zilikuwa kati ya sh. 1,900 na 2,700, na wakulima wakagoma kuuza. Serikali ilitaka bei isipungue sh. 3,000. Makampuni hayakukataa kwa maneno. Yaliahidi kununua kiasi kidogo mno kuliko mzigo uliokuwa maghalani. Novemba 12, 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa sh. 3,300, na malori ya Jeshi yakaenda kuzisomba.

Bei ilikuwa nzuri, tatizo likawa fedha kufika mkononi. Uhakiki wa mashamba, uliokusudiwa kuwanasa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua kwa bei ya kutupa wakati wa njaa, uliwachelewesha wakulima wengi hadi mwaka 2019. Mkataba wa Januari 2019 wa kuuza tani 100,000 kwa sh. bilioni 418 kwa kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya haukutekelezwa. Korosho zikalala ghalani, na korosho inayolala hupoteza ubora.

Upande wa pili wa bahari wabanguaji wa India hawakulala. Walilalamika kuwa korosho zilizobanguliwa kutoka nje zinawaua. Walisikilizwa. Mwaka 2018 ushuru wa korosho ghafi zinazoingia India ulishushwa hadi asilimia 2.5. Julai 2019 ule wa zilizobanguliwa ulipandishwa kutoka asilimia 45 hadi 70. Hivyo ni viwango vya jumla, kabla ya nafuu za mikataba, lakini ujumbe wake unasomeka: leteni ghafi, kazi tutafanya sisi.

Kufungua milango tu hakumwokoi mkulima. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ililegeza ushuru wake wa korosho ghafi katika miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia. Maelfu ya wafanyakazi wa viwandani walipoteza ajira. Watafiti McMillan, Rodrik na Welch walipopiga hesabu mwaka 2002, walikuta faida kwa kaya ya wastani ya wakulima ni kama dola 5.30 kwa mwaka. Faida iliyobaki iliishia zaidi kwa wafanyabiashara.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia kwenye korosho, iwe ni mashine ya kubangulia au hisa katika kampuni ya wenzake, mnada wa Oktoba ni wa mwisho kuangaliwa. Bajeti ya India husomwa Februari. Ya Dodoma husomwa Juni, na jedwali la ushuru liko katika muswada wa sheria ya fedha unaoambatana nayo.