Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya cha Mtakatifu Fransisko

Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya cha Mtakatifu Fransisko (kifupi: SFUCHAS) ni chuo cha Kikatoliki mjini Ifakara, mkoa wa Morogoro, Tanzania. Kilianzishwa mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, chenye makao makuu Mwanza. Jina lake ni la Fransisko wa Asizi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Oktoba.

Maisha ya wanafunzi

Masomo ya udaktari huchukua miaka 5. Baada ya masomo ya msingi darasani, wanafunzi huingia wodi za Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Huko huwahoji na kuwapima wagonjwa, kisha hueleza walichokiona mbele ya daktari na wenzao.

Umuhimu

Hospitali hupokea wagonjwa wa Kilombero, Ulanga na Malinyi. Kabla ya Daraja la Magufuli kukamilika, waliotoka upande wa Mahenge walivuka mto Kilombero kwa kivuko. Hivyo mwanafunzi hujifunza mapema kwamba mgonjwa wa kijijini huweza kuchelewa kwa sababu ya njia, si kwa uzembe.