Usitupe tarakilishi kuukuu kabla ya kujua kiungo kinachougua

MIAKA michache iliyopita, tarakilishi ya mezani tuliyokuwa nayo nyumbani ilikataa kuwaka. Feni ilizunguka, mlio mkali ukasikika mara tatu, lakini kiwambo kikabaki cheusi.

Fundi mmoja jijini aliitazama kwa dakika tano tu, akatangaza kuwa ubao mkuu umekufa, kisha akajitolea kuinunua kwa bei ya kutupa. Humo ndani mlikuwa na picha za mwisho za marehemu mama yangu, ambazo sikuwa na nakala zake popote. Nilikataa, nikairudisha nyumbani.

Jioni hiyo kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, aliifungua, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli na kuipachika tena.

"Washa sasa, Mzee," akaniambia. Mashine ikawaka.

Kisa hicho kilinifunza kwamba ni nadra mashine kufa yote kwa pamoja. Aghalabu hufa kiungo kimoja, na anayekifahamu huokoa fedha na kumbukumbu za familia. Wahenga hawakukosea walipotuasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bila malipo marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo hudai vichakataji vya kisasa na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Dunia tayari imelemewa na taka za aina hii. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilionyesha kuwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizalishwa mwaka wa 2022, na ambazo zilithibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika hata robo.

Je, msomaji, utaanzia wapi?

Anza na umeme. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine kabla ya kulaumu mashine. Ikiwa ni kipakatalishi, kagua chaja. Ukinunua nyingine, volti zake lazima zilingane na za ile ya kwanza, nazo ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue.

Ikiwa saa ya mashine hurudi nyuma kila unapoizima, huenda tatizo ni betri ndogo ya duara mithili ya sarafu iliyo kwenye ubao mkuu. Katika tarakilishi za mezani, mara nyingi ni ile ya volti 3 iitwayo CR2032, nayo huuzwa hata katika maduka ya saa.

Mashine inayopata moto na kujizima ghafla mara nyingi imesongwa na vumbi. Izime, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia uishe. Gusa chuma kitupu ili kuondoa umeme tuli mwilini, halafu safisha feni kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie kitambaa chenye maji.

Uzito wa kobe, ambao ndio malalamiko ya wengi, kwa kawaida hutokana na diski ya zamani inayozunguka. Ukiiondoa na kuweka ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, utaona tofauti kubwa. Kuongeza kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8 pia husaidia. Hata hivyo, tazama aina yake kwanza, maana kadi ya DDR3 haiwezi kuingia mahali pa DDR4. Fahamu pia kwamba katika baadhi ya vipakatalishi vyembamba kumbukumbu imechomelewa kwenye ubao, haibadilishwi.

Kwa wale ambao Windows 11 imewafungia mlango, ipo Linux, mfumo huria ulioasisiwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Matoleo yake kama Linux Mint na Lubuntu hayalipiwi, na LibreOffice hutosha kwa barua, hesabu na kazi za shule. Faili ya kupakua ni takriban gigabaiti 3, na flashi ya gigabaiti 8 inatosha kuibeba.

Uzuri wa mifumo hii ni kwamba unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwa flashi bila kufuta chochote. Ukiridhika, nakili kwanza picha na nyaraka zako mahali pengine, ndipo uisakinishe.

Hata mashine isiyotengenezeka huwa na urithi. Diski yake, ikitiwa katika kasha la USB, huwa ghala la kuhifadhia nakala. Kiwambo chake chembamba chaweza kuunganishwa na kipakatalishi ambacho kioo chake kimevunjika.

Lakini kuna vitu ambavyo hupaswi kuvigusa kabisa. Betri ya lithiamu iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe wala kuchajiwa, kwa maana yaweza kulipuka na kuwaka moto. Kasha la kusambazia umeme ndani ya tarakilishi ya mezani lisifunguliwe, kwani kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Viwambo vya kale vyenye kisogo kirefu ni hatari zaidi. Ndani yake huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti, na kioo chake kina madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Vivyo hivyo, tuwakanye vijana wanaochoma nyaya ili kupata shaba. Moshi wa plastiki hiyo una sumu, na anayeuvuta kwanza ni yule aliyewasha moto.

Kilichokufa kabisa kisitupwe pamoja na maganda ya viazi. Jijini Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za kielektroniki na kuzitenganisha kitaalamu. Aidha, Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 ilianzisha kanuni kwamba anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibikie pia mwisho wake.

Kabla ya kuuza au kutoa mashine yoyote, kumbuka kuwa kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuziondoi kabisa. Tumia programu maalumu ya kufuta diski nzima, au baki na diski yenyewe.

Picha za mama yangu sasa ziko mahali patatu. Nawe, kabla ya kuiita mashine yako mzoga, ifungue, uipanguse vumbi, na uwe na kifutio karibu.