Somo Yake Nani?

Katika shule ya msingi niliyosoma, kwenye mji mmoja wa mwambao, alikuwako msichana ambaye kila kengele ya mwisho ilipogongwa, sisi wenziwe tukakimbilia mlangoni kama kuku waliofunguliwa tundu, yeye alibaki nyuma akashika ufagio, ilhali zamu haikuwa yake. Alifagia safu baada ya safu, akapangusa ubao, akapanga upya madawati yaliyokwisha kupangwa, kisha akaketi kizingitini mpaka isikike adhana ya alasiri, ndipo akatwaa mkoba wake kwenda zake. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa zima kwa bidii yake, nasi tuliokuwa wavivu tukamchukia kwa sifa hizo, tukamtenga katika michezo, hata saa ya mapumziko, tulipochanga senti zetu tukanunua mihogo ya kukaanga na kugawana, fungu lake halikuwamo.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa maana ya ufagio ule, nami niliambiwa na mwenyewe, sote tukiwa watu wazima wenye watoto wetu. Wakati ule baba yake alikuwa akirudi nyumbani adhuhuri kula chakula, na meza hiyo ndiyo iliyokuwa uwanja wa ugomvi kati yake na mama, mpaka wakaachana. Ilipolia adhana ya alasiri, baba alikuwa amekwisha kurejea kazini na nyumba imetulia. Aliyekuwa akisifiwa kwa bidii alikuwa akijificha, na sisi, kwa kumtenga, tulikuwa tumemfungia mlango wa pili.

Watu wazima aghalabu huzigawa taabu za ujana mafungu mawili, moja wakamwachia mwalimu na jingine mzazi, na kwa mgawanyo huo kila mmoja huona nusu tu ya mtoto. Walakini moyo wa kijana hauna ukuta wa namna hiyo. Aliyelala akisikiliza wazazi wakitukanana chumba cha pili ndiye huyo huyo anayepigana asubuhi uwanjani kwa neno dogo, na aliyesusiwa na marafiki mchana ndiye anayemjibu mama yake kwa ukali jioni kwa kuulizwa tu kama amekula.

Mambo haya humfikia kijana katika umri ambao hata mwili wake umekuwa mgeni kwake. Mabadiliko ya kubalehe huanza kwa wasichana wengi kati ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Sauti hukwaruza, chunusi hutoka, na haya humvaa mtu bila sababu aijuayo. Ubongo nao haukui wote kwa pamoja: sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia pupa, huchelewa kukomaa hata kupita miaka 20, hali sehemu zinazowasha hasira, furaha na fadhaa zimekwisha kuwaka. Kwa hiyo kijana anayelia siku mbili kwa sababu sahibu yake amehamia dawati jingine hafanyi mzaha wala deko. Maumivu yake ni ya kweli, kipimo tu ndicho hajakipata.

Na urafiki wa shule si jambo dogo kama wakubwa wanavyolidhania, kwani ndio ahadi ya kwanza mtu anayoifunga kwa hiari yake, bila kuchaguliwa na damu wala ujirani. Yatokeapo matokeo ya darasa la saba, mashoga waliokaa dawati moja tangu wana miaka saba hutawanywa kwa siku moja, huyu akapelekwa shule ya bweni mkoa wa mbali na yule akabaki, wala hapana mtu awapaye pole, kwa kuwa msiba huo hauna matanga. Zamani, walionuniana walitenganishwa na lango la shule, wakapata usiku mzima wa kupoa; siku hizi ugomvi hupanda nao kitandani ndani ya simu, na asubuhi hurudi darasani umeongezwa chumvi na watu ambao hawakuwako.

Nyumba inapotikisika, kijana huwa mtu wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kujua. Wazazi hunong'ona wakiamini kwamba mtoto haelewi, naye hukamilisha kwa dhana yale asiyoambiwa, na mara nyingi dhana humhukumu yeye mwenyewe: kwamba laiti asingeomba fedha ya viatu, baba asingeondoka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 ililiona jambo hili, kwani imetaka mahakama, inapoamua mtoto akae na nani, izingatie pia matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuweza kuyaeleza. Ajabu ni kwamba hakimu ameamriwa kumsikiliza mtoto ambaye nyumbani kwake hajapata kuulizwa neno.

Wazee wa mwambao walijua kwamba yako mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia aliyemzaa, wala mzazi hawezi kumweleza mwana, kwa haya iliyo baina yao. Ndiyo sababu msichana alipovunja ungo hakuachwa na mama yake peke yake; alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunza, kumwonya na kumtunzia siri. Lugha yetu imelitumia neno hilo hilo kwa fundisho la darasani, kwa mtu na mwenziwe wa jina moja, na kwa mwalimu huyu wa faragha, kana kwamba hapana fundisho lisilo na mtu nyuma yake.

Sisemi kwamba kila kilichofunzwa unyagoni kirudi. Mengi yalimwandaa msichana kwa mume kabla hajamaliza utoto, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 2019 ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Lililofaa kuhifadhiwa ni ile nafasi yenyewe, ya mtu mzima asiye mzazi wala mwalimu, ambaye kijana anajua atamsikiliza. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo katika baadhi ya shule, ila akiwa ndiye huyo huyo mwenye kiboko, wachache watamfuata. Iko namba 116, inayopigwa bure Tanzania na Kenya, ambapo mtoto mwenye dhiki husikilizwa na mtu asiyemjua. Lakini aliye karibu zaidi yumo katika jamaa: shangazi, mjomba, jirani mwenye subira. Naye asimkalishe kijana kitako kama shahidi. Amwite wamenye vitunguu au waongozane sokoni, kwa maana maneno mazito hutoka kwa urahisi macho yanapokuwa penginepo. Akisha kuambiwa, asikimbilie nasaha, wala asiipeleke siri kwa mama kabla jua halijatua, isipokuwa uhai au usalama wa mtoto umo hatarini.

Nilimwuliza yule mwenzangu, kwa aibu ya miaka mingi, kama katika mwaka ule hapakuwa na hata mmoja aliyejua. Akasema alikuwako: mama muuza mihogo wa langoni, ambaye kila alasiri alimwekea vipande viwili ndani ya karatasi, akamkaribisha kwenye mkeka wake chini ya mwembe, akaendelea kukuna nazi yake bila kumwuliza chochote, mpaka siku aliposema mwenyewe.