Pembe ya Baruti: Rangi ya Kuzaliwa na ya Kutiwa

Pembe nyingi za baruti za karne ya 18 zilizomo katika makumbusho ya Marekani zina rangi ya asali iliyokolea. Mafundi wa leo, wanaozitengeneza kwa ajili ya wapenda gobori na waigizaji wa vita vya kale, wanaitaka rangi hiyohiyo, tena upesi. Ubishi wao haupoi: pembe iachwe kama ilivyotoka kichwani mwa ng'ombe, au itiwe rangi?

Askari na wawindaji, hasa katika vita vya Waingereza na Wafaransa vya 1754 hadi 1763, walibebea baruti kwenye pembe kwa kuwa ni nyepesi, haipitishi maji wala haitoi cheche. Huchemshwa mpaka mfupa wa ndani uachie. Upande mpana huzibwa kwa kibao kilichokazwa kwa vijiti, na ncha hutobolewa iwe mdomo wenye kizibo. Kisha ni kukwangua. Fundi hodari hukwangua mpaka ukiinua pembe juani unaona baruti imefika wapi.

Hapo ndipo ninapowaelewa wanaokataa rangi. Pembe tupu ina weupe wa maziwa shinani, michirizi ya kijani na kahawia katikati, na ncha nyeusi tii. Ya nini kuufunika uzuri huo?

Wanaotia rangi nao wana njia zao. Hutanguliza shabu au siki ili rangi ishike, kisha huizamisha pembe kwenye maji ya maganda ya vitunguu au ya jozi, yenye moto wa wastani, maana yakichemka pembe hulainika na kibao hulegea. Wengine hutumia tindikali ya naitriki, ambayo huigeuza pembe kuwa manjano, na vidole vya fundi mzembe pia.

Sina ugomvi nao, kwani rangi ya zile za kale yenyewe imechangiwa na jasho, mafuta ya mikono na moshi. Ninaowalaumu ni wale wanaosugua kingo ili pembe mpya ionekane kuwa ya babu, wakaiuza kwa bei ya babu.

Halafu kuna nakshi. Askari walichonga majina, ngome na ramani za mito, wakapaka masizi kwenye michoro. Juu ya pembe nyeupe kila mstari unasomeka. Juu ya iliyolowekwa kwenye maji ya jozi kupita kiasi, mto Hudson unapotelea kwenye kahawia.