Fahamu: Kabla ya kung'arisha meno, jua doa limetoka wapi

Meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Arusha na kandokando ya Mlima Meru hayatokani na uchafu. Chanzo ni floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Doa hilo limo ndani ya jino lenyewe. Kulisugua kwa mkaa au ndimu hakuliondoi, bali hula enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na enameli ikishalika haioti tena. Ndiyo maana daktari huanza kwa kutafuta chanzo: madoa ya chai na tumbaku mara nyingi hutoka kwa kusafishwa tu, jino lililotoboka huzibwa kwanza, ndipo haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kung'arisha meno, itumike kwa kipimo, ufizi ukiwa umekingwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu dawa ya meno yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hiyo kuuzwa moja kwa moja kwa mteja.

Wapo watakaosema daktari ni ghali. Ni kweli, na inauma. Lakini uchunguzi peke yake ni nafuu kuliko kutibu jino lililoliwa na asidi ya ndimu. Kabla hujanunua chochote, muulize daktari: doa langu limetoka wapi?