MAELEZO JUU YA UCHUNGUZI WA MAJANI YA MUHOGO

Wakulima wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba jani la muhogo lililochumwa na kuachwa juani halimfai mtaalamu anayechunguza utendaji wa jeni. Kila seli ya mmea ina jeni zile zile. Jambo mojawapo linaloweza kutofautisha mbegu inayostahamili michirizi ya kahawia na ile inayoangamia ni jeni zipi zinazofanya kazi, na kwa kiasi gani. Jeni inayofanya kazi hutoa nakala za RNA, nazo ndizo zinazotafutwa.

Katika maabara, kama zile za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, jani hugandishwa kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, likasagwa kinuni hadi kuwa unga. Unga hutiwa dawa ya kupasua seli, kisha huzungushwa kwa kasi mashinani ili makapi yatuame. Adui mkubwa ni vimeng'enya vinavyokata RNA, navyo vimo hata katika vidole vya mtu. Ndiyo sababu ya glavu na barafu. Nakala zikiharibika njiani, jeni iliyokuwa ikifanya kazi itaonekana imelala.

Mwenye shamba lenye dalili asichume mwenyewe, bali amwite Bwana Shamba.